Ulimi Nao Hufundishwa



Katika nyumba nyingi tulizobahatika kuingia hapa Usa River, na katika vitongoji vinavyoifuata njia kuu itokayo Arusha kwenda Moshi, tumeona jambo moja likijirudia. Mama huinjika chungu cha makande tangu adhuhuri, akakichochea na kukiangalia mpaka jua likatua, na chakula kinapopakuliwa, mtoto mmoja huisukuma sahani yake na kusema, "Mimi hiki sili." Mama huinuka, akaenda kumkaangia yai na viazi. Kesho yake mtoto wa pili hudai haki iyo hiyo, na keshokutwa baba mwenyewe huuliza kama hakuna kitu kingine. Mwezi haujafika nusu, nyumba ya chungu kimoja imekuwa nyumba ya vyungu vitatu, fedha ya matumizi imekwisha, na mama aliyepika kwa jasho lake amelala na huzuni.

Aulizwapo mzazi sababu, hujibu, "Ndivyo alivyoumbwa." Neno hili twalisikia sana, na mwezi huu twapenda kulichungua, kwa kuwa twaona limezinyima nyumba nyingi kheri. Yako mambo ambayo mtu huumbwa nayo, na yako ambayo hujizoeza mwenyewe au huzoezwa na waliomlea. Anayeyachanganya mambo haya mawili huacha kutengeneza kile kilicho katika uwezo wake.

Hatusemi haya kama watu waliozaliwa wakila kila kilicho halali. Sisi tulilelewa Tanga, mahali ambapo wali wa nazi na samaki ni chakula cha heshima, na katika ujana wetu tulihesabika miongoni mwa wachaguzi wakubwa. Tulipohamia chini ya Mlima Meru kwa ajili ya kazi, jirani yetu, mzee wa Kimeru, alitualika nyumbani kwake katika juma la kwanza. Tuliandaliwa loshoro, yaani mahindi yaliyokobolewa yakapikwa mpaka yakalainika, kisha yakachanganywa na maziwa ya mgando. Na kando yake palikuwa na mnafu, ile mboga ya majani yenye uchungu ambayo watu wa pwani huiita mnavu. Tulilitazama lile bakuli, tukausikia ule ukali wa maziwa puani, na ulimi wetu ukatamka uwongo upesi: tulisema kwamba tumekwisha kula.

Mzee yule alikuwa muungwana, hakutulazimisha. Lakini mjukuu wake, mtoto wa miaka sita hivi, alimwuliza kwa sauti ambayo sote tuliisikia, "Babu, kwani chakula chetu ni kibaya?" Mzee akamjibu kwa upole, "Si kibaya, mjukuu wangu. Mgeni hajajifunza kukila."

Usiku ule tulirudi nyumbani na njaa, na neno lile likatukereketa kuliko tusi. Mzee hakusema kuwa hatupendi, wala kuwa hatuwezi. Alisema hatujajifunza. Basi tukajiuliza: ikiwa ni kutojifunza, ni nani aliyetuzuia kujifunza ila sisi wenyewe?

Kabla ya kuendelea yafaa tupambanue, ili asije mtu akatuelewa vibaya. Kwanza, Mwislamu anayeacha kilicho haramu hachagui kwa ulimi, bali anatii. Pili, mtoto anayevimba midomo au kutoka vipele kila alapo kitu fulani, anayepaliwa au kutapika mara kwa mara, au anayekonda kwa kuwa vyakula anavyovikubali vimebaki viwili vitatu, huyo si wa kuonywa bali ni wa kupelekwa kwa daktari. Uko ugonjwa wa kukiepuka chakula, nao tangu mwaka 2013 umeingizwa katika orodha ya maradhi inayotumiwa na madaktari wa akili wa Marekani. Tatu, wako watu waliorithi ulimi unaouhisi uchungu wa majani kuliko wenzao. Hawa wana udhuru wa kwenda polepole, lakini hawana udhuru wa kukaa walipo.

Tena, kutokipenda chakula si kosa. Katika hadithi zilizo sahihi imepokewa kuwa Mtume wetu (s.a.w.) aliwekewa nyama ya mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi, naye hakuila, na alipoulizwa alieleza kuwa si haramu, ila haikuwa katika vyakula vya nchi ya watu wake, na nafsi yake haikuielekea. Khalid bin Walid akaivuta, akaila mbele yake. Imepokewa vilevile kuwa haikuwa desturi yake Mtume kukitia aibu chakula chochote: alichokitamani alikila, na asichokitamani alikiacha.

Tazameni adabu iliyomo humo. Nafsi imepewa nafasi ya kutotamani, lakini ulimi haukupewa ruhusa ya kumvunja moyo mpishi, wala mwenzako hakuzuiwa kula kwa sababu wewe huli. Sisi tulikosa mara mbili katika nyumba ya mzee yule: tulisema uwongo, na tulimfanya mtoto akitilie shaka chakula cha kwao.

Twageukia sasa lile neno la kuumbwa. Laiti kila mtu angeumbwa na chakula chake, basi ugali wa mahindi usingalikuwa chakula cha mtu yeyote katika Afrika ya Mashariki. Asili ya mahindi na mihogo ni bara la Amerika, na vyakula hivyo vilifika huku baada ya Wareno kuingia katika bahari yetu mwishoni mwa karne ya 15. Pilipili tunayoitia katika kachumbari nayo imetoka huko huko. Hata ndizi, ambazo Wameru na Wachagga wamezifanya kuwa nguzo ya nyumba, asili yake ni Asia. Yuko babu wa babu yetu aliyeuona ugali wa mahindi mara ya kwanza, na bila shaka alikunja uso. Lakini leo mjukuu wake husema hawezi kulala bila ya kuula.

Na mwaka 1331, msafiri Ibn Battuta, mtu wa Tangier, alipofika Mogadishu alikirimiwa na wenyeji. Ameandika kuwa aliletewa wali uliopikwa kwa samli, na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu na pilipili. Alikuwa mgeni kutoka nchi ya mbali, akavipokea vile vyakula na kuvieleza kimoja kimoja kwa makini. Sisi, karne karibu saba baada yake, tulitoka Tanga hadi Usa River, safari isiyozidi siku moja kwa gari, na mahindi yaliyotiwa maziwa ya mgando yakatushinda!

Wataalamu wa leo wameuchunguza ulimi wa mtoto, nao wametupa maarifa yanayofaa kila nyumba. Mtoto huzaliwa akipenda utamu na akiuchukia uchungu. Baina ya umri wa miaka miwili na sita, watoto wengi huingiwa na hofu ya vyakula wasivyovijua; hofu hiyo ni ya kawaida, na kwa wengi hupungua wenyewe wakikua. Lakini elimu ya ulimi huanza mapema zaidi. Katika uchunguzi uliofanywa Philadelphia na kuchapishwa mwaka 2001, akina mama waliokunywa maji ya karoti katika miezi ya mwisho ya mimba, au katika miezi ya kunyonyesha, watoto wao waliupokea uji uliotiwa karoti kwa uso mkunjufu kuliko watoto wa akina mama wengine. Basi mama anayekula mnafu na mchicha anaponyonyesha amekwisha kumfungulia mwanawe darasa la kwanza.

Jambo la pili walilolithibitisha ni kuwa mtoto hukizoea chakula kwa kukionja mara nyingi, kidogo kidogo. Mara nane, au kumi, na kwa wengine hata kumi na tano huhitajika kabla ya kukikubali. Wazazi wengi hukata tamaa katika mara ya tatu au ya nne, wakasema, "Huyu mboga haziwezi," hali wangestahimili kidogo tu wangefaulu. Na kulazimisha hakufai. Mtoto aliyeshikwa kichwa akasukumiwa kijiko hujifunza kukichukia kile chakula na kumwogopa aliyekishika. Wala kumhonga hakufai: ukimwambia, "Maliza mchicha nikupe biskuti," umemfundisha kuwa mchicha ni adhabu na biskuti ndiyo tuzo. Kinachofaa ni hiki: chungu kiwe kimoja; katika sahani kiwemo kitu kimoja anachokijua, na kando yake kipande kidogo cha kile asichokijua; wakubwa wale mbele yake kwa furaha; naye aachwe aonje au asionje, bila ya kelele. Kesho kirudi tena. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi, lakini mkunjaji hodari hamvunji samaki.

Na sisi watu wazima je, tuliokwisha kukauka? Twawaelezeni tulivyofanya. Baada ya usiku ule tuliweka nia ya jambo moja, si mambo kumi: kwamba kila siku, baada ya sala ya magharibi, tutakula vijiko vitatu vya mahindi yaliyotiwa maziwa ya mgando, na mnafu kiasi cha tonge moja. Hatukujiapiza kuwa tutakipenda, tulijiahidi kukila. Juma la kwanza tulimeza kwa kusukumiza na maji. Juma la tatu tuliacha kuziba pua. Juma la tano tulisafiri kwenda Tanga, tukarudia wali wetu, tukasahau ahadi kwa siku nane nzima, na tuliporejea, nafsi ikatuambia, "Umekwisha kushindwa, acha." Hapo ndipo wengi huangukia, kwa kuwa hudhani kuteleza ni kuanguka. Sisi tulianza tena jioni ile ile. Mwezi wa tatu ulipoingia tulijikuta tunaulizia maziwa ya mgando siku yasipokuwapo.

Baadaye tulisoma juu ya uchunguzi wa chuo kikuu cha University College London, uliochapishwa mwaka 2010. Watu 96 walipewa kazi ya kuchagua tendo moja dogo la kula, kunywa au kufanya mazoezi ya mwili, na kulirudia kila siku kwa majuma 12. Ilionekana kuwa tendo huwa mazoea kwa wastani wa siku 66. Lakini kwa mwepesi kabisa zilitosha siku 18, na kwa mzito kabisa ilikadiriwa kuwa zingehitajika siku 254. Tena wakaona kuwa kukosa siku moja hakuharibu kazi. Tulifarijika sana. Mazoea yana taabu, wasema wahenga. Na taabu hiyo ina mwisho wake.

Lakini Mwislamu ana ushahidi ulio karibu naye kuliko London. Kila mwaka, katika mwezi wa Ramadhani, mtu yule yule asiyeweza kukaa saa nne za asubuhi bila ya chai na maandazi hukaa mpaka magharibi, na asiyekosa sigara mkononi huiweka kando mchana kutwa. Haikuwa tumbo lililobadilika usiku mmoja. Ni nia iliyosimama. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga katika kitabu chake cha Ihya sehemu nzima juu ya kuilea nafsi, na nyingine juu ya matamanio ya tumbo, na njia aliyoipendelea ni kuipeleka nafsi daraja kwa daraja, si kuirukisha. Anayeweza kuuzuia mkono wake mbele ya maji baridi adhuhuri ya Ramadhani asituambie kuwa hana nguvu ya kuonja mchicha mwezi wa Shawwal.

Sasa twawageukia wazee, na tusamehewe tukisema wazi. Twawakemea watoto kwa kuchagua, na sisi wenyewe twachagua kila siku katika mambo yaliyo makubwa zaidi. Utazameni unga wetu. Tumezoea sembe jeupe, lililokobolewa mpaka ganda na kiini vikaenda zake, na humo ndimo ilimokuwa sehemu kubwa ya vitamini na nyuzinyuzi. Mtu akiletewa ugali wa dona husema, "Kwani tumefilisika?" Dona la mahindi yaliyokaushwa vizuri, yasiyo na kuvu wala sumu yake, ni chakula bora, nalo hutunyima weupe tu. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Sababu ni nyingi, na umaskini na maradhi ni miongoni mwake. Lakini sahani ya kitu kimoja cheupe kila siku nayo ni sababu, na hiyo twaweza kuibadilisha sisi wenyewe.

Yatazameni na magadi, jambo linalotuhusu sana sisi wa huku. Maji ya chemchemi na mito mingi ya Mlima Meru yana madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja, na sehemu nyingi za Meru zimeupita. Ndiyo sababu vijana wetu wengi wana meno yenye madoa ya kahawia. Na yakizidi sana kwa miaka mingi, madini hayo hupinda hata mifupa ya miguu. Kuyachemsha maji hakuyaondoi. Hapa karibu, Ngurdoto, serikali imeweka kituo cha kutafiti njia za kuyapunguza, na moja ya njia hizo ni kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Lakini yako magadi yatokayo katika maziwa ya chumvi ya ukanda wetu ambayo nayo yana floraidi nyingi, na sisi huyatia kwa mikono yetu katika chungu cha makande na maharage ili yaive upesi. Ukimwambia mpishi ayaache, hujibu kuwa makande yasiyo na magadi hayana ladha. Huo ndio ulimi uliozoea! Mahindi na maharage yakilowekwa usiku kucha huiva bila ya magadi, na ladha ile ngeni ya siku za mwanzo huwa ladha ya nyumbani baada ya miezi miwili. Mtoto ambaye meno yake ya ukubwani hayajaota hana uwezo wa kuliamua jambo hili. Limo mikononi mwetu.

Nanyi vijana, tuna neno nanyi. Leo mko kwenu. Kesho mtakuwa katika bweni la shule, au katika chuo mji wa mbali, au katika nyumba ya wakwe. Huko hakuna atakayewakaangia yai la peke yenu. Mchagua nazi hupata koroma. Na tumewaona vijana wenye akili waliokaa na njaa darasani kwa sababu ya maharage ya jana. Anzeni sasa na kitu kimoja. Chagueni chakula kimoja halali mnachokikataa, kiwekeeni saa yake na kiasi chake, kileni kidogo kila siku, na mkikosa siku moja msihesabu kuwa mmeshindwa. Mkikishinda hicho, mtaona kuwa yapo mengine yanayoshindika kwa njia iyo hiyo: kulala baada ya alfajiri, kuahirisha masomo, ulimi mkali. Nafsi iliyojifunza kutii mbele ya sahani huwa nyepesi kutii mahali pengine.

Tumalizie kwa yaliyotokea kwa jirani yetu. Baada ya miezi ile mitatu tulibisha hodi kwake bila ya mwaliko, tukaomba loshoro. Mzee alicheka mpaka akajishika ubavu. Tukala, na mjukuu wake akahesabu vijiko. Nasi tukamwalika kwetu Jumapili iliyofuata, tukampikia samaki wa nazi kama wapikwavyo Tanga. Alipoliona lile dishi alinyamaza. Kama wazee wengi wa huku bara, hakuwa na mazoea ya samaki tangu utoto wake. Tulitaka kumwondoshea haraka, tumletee nyama, lakini alitushika mkono. Akamtazama mjukuu wake, akasema, "Leo ni zamu ya babu kujifunza." Akamega kipande kilicho kidogo kama ukucha, akakitia kinywani, akakitafuna kwa muda mrefu. Hakusema kuwa ni kitamu. Alisema, "Juma lijalo mnipe tena."

Twamwomba Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zetu na vyungu vyetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaoshukuru. Wabillahi tawfiq.